Siku Neno “Mlezi” Lilipochekwa Kanazi

Mkija kwangu hapa Buhembe na maswali yenu ya chuo cha ustawi wa jamii, nina sharti moja tu. Vueni viatu, kaeni, mtafune kahawa kwanza. Hizo buni kwenye kikapu nimezichemsha na kuzianika mwenyewe, na mtu anayezikataa nyumbani kwa Mhaya amejifungia mlango kabla hajauliza lolote. Mwenzenu aliyekuja juma lililopita alianza kwa kuweka simu mezani ili inirekodi. Hata jasho halijamkauka, akaniuliza kati ya Tanzania na Sweden ni wapi wanakolea watoto vizuri zaidi. Nilimtazama mpaka akaiondoa simu mwenyewe.

Sikumjibu, lakini swali lake limenikaa kooni tangu siku ile, kwa hiyo leo nitawajibu nyinyi. Msiandike kwanza, sikilizeni.

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, kwanza Muleba, baadaye Bukoba, mpaka nilipostaafu. Nilishughulika na ndoa zinazovunjika, watoto wanaogombewa, na watoto wasiogombewa na mtu yeyote, na hao wa mwisho ndio walionitoa machozi zaidi. Katikati ya miaka hiyo nilipelekwa Sweden kwa miezi kadhaa, katika mpango wa kubadilishana wafanyakazi. Nilikaa kwenye mji mdogo, kwa mwenyeji wangu Karin, ambaye kazi yake ilikuwa kama yangu. Baridi yake sitawaelezea, maana mtadhani natia chumvi.

Lakini kazi sikujifunzia huko. Aliyenifundisha ni Mzee Kyaruzi, mkuu wangu wa kwanza pale Muleba, mtu aliyeweza kukuita mjinga kwa sauti ya upole hadi ukamshukuru. Mara ya kwanza aliponituma Kimwani kuangalia nyumba fulani, nilivaa viatu vyangu vya kwenda kanisani. Nikakaribishwa kiti, nikauliza maswali yangu yote, na familia nzima ikanijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikarudi ofisini natabasamu. Mzee Kyaruzi akaniuliza wale watu walikuwa wanafanya nini nilipowakuta. Nikamwambia walikuwa wamekaa wananisikiliza.

“Basi hujawaona,” akasema. “Rudi kesho wanapomenya ndizi. Wakikupa kisu, menya. Wasipokupa, omba.”

Nilirudi, nikamenya, utomvu ukaniganda mikononi, na kabla sufuria haijajaa nilishajua nani anampiga nani katika nyumba ile. Watu mikono ikiwa na kazi, midomo nayo hujisahau. Nyinyi siku hizi mnakwenda na pikipiki na vishikwambi, mnapiga picha paa na choo, mnaondoka. Sisemi ni vibaya. Nasema tu ndizi bado zinamenywa kila siku, na visu vipo.

Haya, Sweden. Wiki ya kwanza tu nilijiaibisha. Nilipita mbele ya mkahawa mmoja nikaona vigari vya watoto vimepangwa nje, kwenye baridi ile ile, na ndani yake watoto wachanga wamelala, mashavu mekundu. Mama zao wako ndani wanakunywa kahawa. Mimi nikajua hawa wametelekezwa. Nikasimama kuwalinda! Nimevaa koti la kuazima linalonifika miguuni, nimekaza macho kama mlinzi wa benki. Mama mmoja akatoka, akanikuta nimeinamia kigari cha mwanawe, akapiga ukelele. Karin alipokuja kunikomboa alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kumbe kwao hewa ya baridi ni dawa, mtoto akilala nje analala vizuri.

Siku nyingine, saa nne za asubuhi, nikawaona wanaume wazima, wenye afya zao, wanasukuma vigari barabarani. Nikamuuliza Karin ni kiwanda gani kimefungwa. Akanieleza kwamba hao wako likizo. Mtoto akizaliwa, mama na baba wote wawili wanapewa likizo ndefu yenye malipo, na kuna sehemu ya baba peke yake, asipoichukua inapotea. Nikaomba anieleze tena. Nilidhani Kiingereza changu kimenidanganya.

Shuleni nako nilikaa siku nyingi. Watoto wa miaka mitano, sita, wanachimba tope, wanachonga vijiti kwa visu vidogo, na mwalimu anawaangalia tu. Mmoja aligoma kuvaa viatu. Mwalimu akapiga magoti mbele yake, akasubiri. Mimi niliyekua kwa fimbo nilihisi mkono unaniwasha kwa niaba yake. Huko hakuna anayeruhusiwa kumchapa mtoto, hata mzazi wake. Mchana wakala chakula kilichopikwa palepale, na hakuna mtoto aliyefukuzwa kwa sababu mama yake hajaleta mchango. Nilikula nao, na nakiri kwamba nilikula kwa wivu. Niliwafikiria wetu kule Kimwani, wamebanana kwenye dawati, uji upo siku ambayo wazazi wamechanga mahindi, na mwalimu anawasemesha Kiswahili wakati vichwa vyao bado vinafikiri Kihaya.

Ila msikimbilie kuhama. Jioni moja Karin aliniuliza, kama mimi nikikwama kazini, mtoto wangu anapokewa na nani. Nikamwambia yeyote aliye karibu. Akauliza yeyote kama nani. Nikaanza kuwataja, shangazi, majirani, mke wa mwenye duka, mama mkubwa, na nilipofika kwa mama wa ubatizo akaniomba niache. Yeye alikuwa na jirani mmoja tu anayeweza kumwomba, na huyo lazima ampigie simu siku chache kabla. Mlango wa pili kutoka kwake aliishi bibi mmoja mzee ambaye watoto wa ghorofa ile hawakumjua jina. Nilimwonea Karin huruma, naye alikuwa ananionea mimi kwa habari ya uji niliyomsimulia. Tukabaki hivyo, tunaoneana huruma, chai inapoa.

Na huku kwetu nani anampa mama likizo? Aliyeajiriwa anaipata. Baba wa kuajiriwa anapata siku kidogo ambazo zinaishia kwenye kutafuta usafiri wa kumtoa mzazi hospitali. Lakini mama wa Kanazi anayelima migomba na kahawa, likizo yake ni mama mkwe, jirani, na kile kibinti kinacholetwa kutoka nyumba yenye shida zaidi ili kibebe mtoto wakati mama yuko shambani. Kibinti hicho kwa Kihaya tunakiita omulezi. Mara nyingi kilipaswa kuwa darasani. Wengi niliwatoa mgongoni kwa watoto wa watu nikawarudisha shule, na wengine walinikimbia wakarudi kubeba, maana huko walikuwa wanakula.

Shikeni hilo neno, omulezi, kwa sababu ndilo lililotaka kuniharibia kazi.

Alikuwapo kijana wa Kimwani, Projestus. Alimwoa Leontina, binti wa Kanazi, wakaenda kuishi Sweden, yeye akiendesha basi na mkewe akitunza wazee. Wakapata mtoto wa kike, Alinda. Mtoto alipokuwa na miaka minne Leontina aliugua, akafariki. Projestus akaleta mwili nyumbani, akamzika mkewe kwenye kibanja chao cha migomba Kimwani, na mtoto amemshika mkono. Matanga yalipokwisha, bibi mzaa mama, Ma Verdiana, akaomba akae na mjukuu Kanazi siku chache. Siku zikapita. Projestus alipokwenda kumchukua ili wasafiri, Ma Verdiana akatuma neno kutoka ndani kwamba mtoto haendi popote.

Cha ajabu ni kwamba ukoo wa Projestus mwenyewe ulimuunga mkono bibi. Baba yake mkubwa, Ta Anacleth, “Ta” kwetu ni baba, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alisema mwanamume halei mtoto wa kike peke yake, tena ugenini. Amwache kwa bibi, arudi kazini, awe anatuma nguo, na Mungu akijalia aoe tena. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Wote walimpenda yule mtoto, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Projestus akaja ofisini kwangu. Alikaa muda mrefu akichora-chora kwa kalamu nyuma ya gazeti langu. Halafu akanieleza kwamba Leontina aliporudi kazini baada ya uzazi, yeye ndiye aliyebaki nyumbani na Alinda, kwa ile likizo ya baba. Alijua sikio lipi humuuma akipata mafua. Alijua hasinzii mpaka ashike kidole cha mtu.

“Mama,” akaniambia, “mimi sijui kuwa baba wa mbali. Sikufundishwa.”

Sheria ilikuwa upande wake, wala haikuhitaji mjadala. Mwenzangu kijana pale ofisini akapendekeza twende Kanazi na askari, tumalize mchana huohuo. Nikamwambia akamalizie chai yake. Mtoto ambaye amezikiwa mama mwezi uleule, halafu umnyofoe kwa bibi yake mbele ya bunduki? Tungekuwa tumeshinda kesi na kumpoteza mtoto. Nikachukua kanga ya kujifunga nikaenda Kanazi, saa ya kumenya ndizi.

Ma Verdiana alinipa kisu bila kuniangalia. Yeye humenya kwa mkono wa kushoto, mimi wa kulia, na nilikuwa nimekaa upande mbaya, kwa hiyo viwiko vyetu viligongana mpaka akaniambia nihamie ng'ambo. Hapo ndipo tulipoanza kuongea. Alisema mengi, akarudia mengi, na mimi nikamenya. Alisema mtoto anakula kidogo sana, anasimama njiani kumtazamia baba yake, analia kwa lugha ambayo yeye haielewi. Ilimuuma kuyasema hayo, maana yalikuwa yanampinga mwenyewe, lakini aliyasema.

“Mmoja nimemzika,” akasema mwishoni. “Huyu akipanda ndege nitakuwa nimezika wawili. Tofauti ni kwamba huyu wa pili ataendelea kukua nisimwone.”

Nilimenya ndizi zile zote, na tukakubaliana pande mbili zikutane hapohapo kwake.

Siku ya kikao nyumba ilijaa. Nyinyi mliokulia mjini labda hamjui adabu ya mkwe kwetu. Mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake, hamtazami usoni, haingii jikoni kwake, na vitu vyake, hasa nguo, havigusi. Kwa hiyo Projestus alikaa karibu na mlango, macho chini, na Ma Verdiana alikaa chumba cha ndani na wanawake, nyuma ya pazia, akisikiliza. Alinda alikuwa ameamka na homa. Alilazwa kwenye mkeka uani, upande wa jiko, shangazi zake wakimpepea.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa sana, na hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kuongea kama mtu aliyemenya ndizi na mwenye nyumba, nikafungua kinywa kikatoka Kiswahili cha ofisini.

“Kwa mujibu wa sheria,” nikasema, “mama anapofariki, baba ndiye mlezi.”

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Wazee walicheka, vijana walicheka, hata nyuma ya pazia nilisikia wanawake wanajizuia. Mimi nilimaanisha mtu mwenye haki na wajibu wa kumkuza mtoto. Wao walisikia kile kibinti cha kubeba watoto. Ta Anacleth alijifuta machozi, akaniuliza kwa heshima zote, akitanguliza “waitu”, neno letu la adabu, kama serikali ndivyo inavyosema kweli, kwamba walitoa mahari na mbuzi na pombe ili kijana wao akawe omulezi.

Wakacheka upya. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajaribu kufafanua, na kadiri nilivyofafanua ndivyo nilivyozidi kuharibu, maana nikawaeleza na ile likizo ya akina baba wa Sweden, na sasa walikuwa wanashikana mabega. Projestus hakuinua kichwa. Niliona masikio yake tu, na sitayasahau.

Ndipo mtoto akaanza kulia kule uani. “Pappa,” alikuwa anaita, “pappa,” ndivyo wanavyosema kwao. Shangazi mmoja akambeba, mtoto akajipinda akamponyoka. Mwingine akajaribu. Kilio kikapanda mpaka kicheko cha sebuleni kikaisha chenyewe. Projestus akanyanyuka, akatoka bila kuomba ruhusa, na sisi tukasogea mlangoni kutazama.

Uani kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba kulikuwa na kitenge cha Ma Verdiana. Kimoja tu. Projestus alikitazama. Nilijua anachofikiria, na kila mtu pale alijua, maana Ta Anacleth alinyoosha mkono kama anayetaka kumzuia kutoka mbali. Projestus akakivuta kitenge kile cha mama mkwe wake kutoka kwenye kamba. Akainama, akamtupia mtoto mgongoni, akarusha kitenge juu, akakikaza, akafunga. Alifanya haraka, bila kutazama, kama mama anayewahi soko. Mtoto alishakuwa mkubwa, miguu yake ilining'inia mpaka kwenye mapaja ya baba. Akaanza kutembea naye kati ya migomba, akienda na kurudi, akimsemesha Kisweden kilichochanganyika na Kihaya. Alinda akaweka shavu mgongoni, akanyamaza.

Nilipogeuka, Ma Verdiana alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Alisimama pale uani, uso kwa uso na mkwe wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika maisha yangu yote ya kazi. Nikajisemea leo mtu atalaaniwa. Lakini hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama fundo. Ncha ya kitenge ilikuwa imepita chini ya kwapa la kulia, ikazungushwa na kuchomekwa kushoto mara mbili, jinsi anavyofunga mtu wa mkono wa kushoto kama Ma Verdiana mwenyewe. Na Projestus si wa kushoto. Pale ofisini kwangu alishika kalamu kwa mkono wa kulia.

“Nani alikufundisha kufunga hivyo?” Ma Verdiana akamuuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kumwambia yule kijana moja kwa moja.

Projestus akajibu macho yakiwa chini. “Leontina, mama. Sikujua kama kuna namna nyingine.”

Yule mama alikaa chini palepale, kwenye majani makavu ya migomba, akalia. Tangu msiba alikuwa hajalia hivyo, dada zake waliniambia. Hakuna aliyemgusa. Projestus aliendelea kutembea na mtoto kwa sababu akisimama ataamka. Baadaye Ma Verdiana akajifuta kwa mkono, akanyanyuka, akawageukia wanaume waliojaa mlangoni.

“Mlikuwa mnacheka nini?” akasema. “Huyu ndiye omulezi.”

Neno ni lilelile. Hakuna aliyecheka. Ta Anacleth alivua kofia yake, akaivaa tena, akasema chakula kiletwe.

Waliondoka wote wawili, baba na mwana, homa ilipokwisha. Ma Verdiana alitoa masharti yake, nami nikayasimamia: mtoto afundishwe Kihaya, aletwe likizo za shule baba anapoweza, na kila Jumapili baada ya misa yeye bibi apigiwe simu ya kuonana nyuso. Sharti hilo la mwisho lilimfanya anunue simu nzuri kuliko ya kwangu. Kitenge kilikwenda nao. Projestus alikifua, akakikunja, akanipa mimi nimrudishie mwenyewe, na Ma Verdiana akakirudisha kwenye sanduku lao. Siku ya safari alimenya ndizi nyingi kuliko walaji waliokuwapo, na mimi nilimsaidia, nikiwa nimekaa upande sahihi.

Kwa hiyo mwambieni mwenzenu mwenye simu kwamba sina jibu la nchi gani. Yule kijana alipewa muda wa kumlea mwanawe na nchi ya watu, na mkono wa kumlea alipewa na Kanazi. Ningependa nchi yangu nayo itoe huo muda, na uji, na madawati, na nimeyasema hayo kwenye vikao mpaka wakanichoka. Na nyinyi mkienda kwa watu, acheni Kiswahili cha ofisini mlangoni pamoja na viatu. Ulizeni kwanza neno lenu linasikikaje katika nyumba ile.

Likizo iliyopita Alinda alikuja. Sasa ni msichana mrefu, Kihaya chake kina lafudhi inayowachekesha binamu zake, naye anajibu mapigo. Nilikwenda Kanazi kumwona, nikawakuta yeye na bibi yake uani, kisu na ndizi katikati. Mtoto mchanga wa binamu yake akaanza kulia ndani. Alinda akamchukua, akavuta kitenge kwenye kamba, akamtupia mgongoni, akazungusha ncha chini ya kwapa la kulia, akachomeka kushoto mara mbili.

Nikamuuliza kajifunza wapi. Akanishangaa kama nimemuuliza kajifunza wapi kutembea.

“Kwa pappa,” akasema, akaenda zake na mtoto kati ya migomba.

Ma Verdiana hakuinua macho. Alibaki ameshika ndizi moja, imemenywa nusu, mpaka utomvu ukaanza kumtiririka mkononi.